Njia Isiyotokea: Dar es Salaam Inavyotanuka na Mitaa Yake Inavyokatika

Ukitaka kujua mtaa wa Dar es Salaam una umri gani, tazama njia zake kabla ya nyumba. Nyumba hubomolewa, huongezewa ghorofa, hubadilishwa bati na madirisha. Njia hukaa. Kariakoo ya nyumba za udongo na makuti imekwisha zamani na maghorofa yameota kila kiwanja, lakini mitaa ya Mkunguni, Sikukuu na Swahili imenyooka palepale ilipopigiwa mstari na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Ndiyo maana mtandao wa njia unastahili kuangaliwa mapema kuliko mambo mengine yote ya mji. Maji yanaweza kuja baadaye, umeme pia, lami pia. Njia inayotakiwa kupita kwenye vyumba vya watu haiji bila kubomoa. Muunganiko wa mtaa, yaani jinsi njia zake zinavyokutana na kutokea, huamuliwa ndani ya miaka michache, shamba la mikorosho linapogeuka viwanja, na wanaouamua mara nyingi ni mwenye shamba, dalali na mjumbe. Wakikosea, kosa hurithiwa na kila atakayejenga hapo. Hapa chini naeleza namna ya kulipima jambo hili kwa mji wetu, mahali ambapo vipimo hudanganya, na kinachoweza kufanyika pale ambapo bado hapajajaa.

Tabaka za mji

Mji wa Sultani Majid wa miaka ya 1860 ulikuwa kipande kidogo tu kando ya bandari. Wajerumani walipoufanya makao makuu mwaka 1891 waliupanga kwa kutenganisha watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika ng'ambo ya pili, na baadaye uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Tazama ramani ya leo: Kisutu kuna makutano kila hatua chache, Kariakoo vivyo hivyo, lakini njia zinazovuka Mnazi Mmoja kuunganisha pande hizo mbili unazihesabu kwa vidole. Utawala ule umeondoka, ila mgawanyo wake bado unasomeka kwenye foleni za barabara za Bibi Titi na Lumumba.

Waingereza waliendeleza mtindo huo. Mpango wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uligawa mji kwa ukubwa wa viwanja, na ukubwa wa viwanja ulikuwa njia nyingine ya kugawa rangi. Hata hivyo Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni zilipangwa kwa mistari, na hadi leo bajaji ikiingia Magomeni Mikumi upande mmoja inatokea upande wa pili bila kuuliza mtu.

Baada ya Uhuru mji ulikimbia kuliko wapangaji. Sensa ya 1967 ilihesabu takribani watu 273,000. Mwaka 1978 wakawa 843,000, mwaka 1988 milioni 1.36, mwaka 2002 karibu milioni 2.5, mwaka 2012 milioni 4.36, na mwaka 2022 milioni 5.38. Mipango miwili iliyotengenezwa na kampuni za Kanada, wa 1968 na wa 1979, ilichora barabara nyingi ambazo hazikujengwa kwa wakati wake. Kilichofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 uliopata fedha za Benki ya Dunia. Sinza na Kijitonyama zimetokana nao. Viwanja vilikuwa vidogo, njia nyingi, na kila njia ilikuwa na pa kutokea. Sinza imejengeka na kujengeka upya, biashara zimeingia, na mtandao wake bado unabeba. Kando ya Barabara ya Morogoro kuna Manzese, ambayo mradi huohuo uliikuta imekwishajengwa. Kule ilibidi barabara zipenyezwe katikati ya nyumba, na zilizopenya ni chache.

Miaka ya 2000 ukaja Mradi wa Viwanja 20,000: Mbweni, Bunju, Mivumoni, Toangoma, Mtoni Kijichi, Kisota, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Hapa ramani ni safi na mawe ya mipaka yapo. Ndani ya kila mradi gari linazunguka vizuri. Taabu iko nje: mradi uliwekwa peke yake katikati ya mashamba, ukaunganishwa na barabara kuu kwa njia moja au mbili, na mashamba yaliyouzunguka yakakatwa na wenyewe bila kufuata njia zilizoishia kwenye mpaka wa mradi. Mtaa uliopimwa ukageuka kisiwa.

Sehemu kubwa ya mji, kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara zaidi ya asilimia 70 ya wakazi, iko kwenye maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Huko ndiko hadithi ya kweli ilipo.

Shamba linavyozaa njia zisizotokea

Chukua shamba la ekari moja, Msongola au Mabwepande. Ekari ni mita za mraba 4,047. Likiwa mraba, kila upande una kama mita 63.6, ndiyo zile hatua 70 kwa 70 za mtaani. Soko linataka viwanja vya 20 kwa 20. Vitatu kwa upana ni mita 60, vitatu kwa urefu ni mita 60, na pande zote mbili inabaki mita 3.6. Mwenye shamba anaona viwanja tisa, na zile mita 3.6 ndizo zinakuwa njia. Upana wa vichochoro vingi vya pembezoni mwa Dar umetoka kwenye hesabu hiyo, wala hakuna mtu aliyekaa akauchagua.

Sasa weka njia moja wima kati ya safu ya kwanza na ya pili, na nyingine ya kukata kati ya mstari wa mbele na wa kati. Hesabu viwanja vinavyogusa njia: vinane. Kile cha tisa, cha kona ya nyuma, hakigusi chochote. Kitauzwa hivyo hivyo, bei ikiwa chini kidogo, na mnunuzi ataambiwa "utapita hapa kwa jirani, tumeshaongea." Miaka mitano baadaye jirani anajenga ukuta na kesi inakwenda serikali ya mtaa.

Ni shamba moja tu hilo. La jirani linakatwa miaka mitatu baadaye, na yeye anaweka njia yake mahali pengine. Njia za mashamba mawili hazikutani. Kila moja inaishia kwenye michongoma ya mwenzake. Zidisha kwa mashamba mia mbili unapata kata nzima yenye umbo la mti: shina moja la kutokea barabara kuu, matawi, vijitawi, na kila kijitawi kimefia kwenye ukuta.

Dawa yake ipo kwenye hesabu ileile. Mita 3.6 za upana zisiachwe ndani ya shamba, zipelekwe mpakani. Jirani wawili wakitoa mita 3 kila mmoja kwenye mpaka wao, inapatikana barabara ya mita 6 inayotoka mbele hadi nyuma. Kila mmoja ametoa mita za mraba 191, chini ya asilimia 5 ya ekari, na bado amebaki na mita 60.6 za upana, yaani viwanja vitatu vilevile. Kwa urefu, mita 3.6 ziwekwe kati ya mstari wa kati na wa nyuma, zinyooke hadi kwa jirani wa upande wa pili. Mstari wa mbele unahudumiwa na barabara iliyopo, mstari wa kati na wa nyuma unahudumiwa na njia hiyo. Viwanja kumi na vinane, vyote vinafikika, hakuna kilichopotea. Juu ya hayo, barabara ya mita 6 inapoikata njia ya mita 3.6 panazaliwa njia panda ya pande nne, na ncha zake zinagusa mashamba ya nyuma na ya pembeni ambayo bado hayajauzwa. Gari la zimamoto, la takataka au lori la mchanga lina upana wa kama mita 2.5. Kwenye mita 6 magari mawili yanapishana kwa kubanana. Kwenye mita 3.6 moja linapita, lakini halipiti iwapo mtu ametoa ngazi au karo la choo nje ya ukuta wake.

Mashamba halisi hayana umbo la mraba na ardhi ina mteremko, kwa hiyo namba zitasogea. Kanuni haisogei: njia iwe mpakani, ifike mpaka wa nyuma, na jirani aandikishwe.

Kupima

Vipimo vya msingi havina uchawi. Kila makutano au mwisho wa njia ni nukta. Kila kipande cha njia kati ya nukta mbili ni kiungo. Nukta yenye kiungo kimoja ni njia isiyotokea, yenye vitatu ni umbo la T, yenye vinne ni njia panda kamili. Kutokana na hapo unapata mambo manne: wastani wa viungo kwa kila nukta, asilimia ya ncha zisizotokea, uwiano wa viungo kwa nukta, na kiasi cha kuzunguka, yaani umbali wa kupita njiani ukigawanywa kwa umbali wa mstari ulionyooka. Mtandao wenye umbo la mti una uwiano wa viungo kwa nukta ulio chini ya 1 kidogo. Gridi kubwa kamili, yaani mistari inayokatana kama ubao wa drafti, inakaribia 2. Wapangaji wengi huchukulia 1.4 kama mahali ambapo mtaa umeunganika vya kutosha.

Mfano wa kuhesabu kwa mkono. Mtaa una nukta 40 na viungo 39, bila mzunguko wowote, yaani hakuna njia ya kuzunguka ikakurudisha ulipoanza. Kama nukta zote ni za T au ncha, basi T ni 19 na ncha ni 21, moja ikiwa ni ya kutokea barabara kuu. Uwiano ni 0.975, na ncha ni asilimia 52 na zaidi ya nukta zote. Sasa wananchi wanakubaliana kufungua njia tano fupi, kila moja ikiunganisha ncha mbili zilizotazamana ukutani. Watu wengi wataongeza viungo vitano na kuandika 44 kwa 40. Si sahihi. Ncha mbili zikiunganishwa zinaacha kuwa nukta. Vipande vitatu vinakuwa kimoja. Nukta zinabaki 30, viungo 34, ncha 11, mizunguko 5. Uwiano umepanda hadi 1.13 na ncha zimeshuka hadi asilimia 37. Ndipo unaona kwa nini vijia vitano vya mita kumi kumi vinaweza kuwa na faida kubwa kuliko kumwaga lami kilomita nzima kwenye shina.

Kwa mji mzima tumia OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, pamoja na QGIS, programu ya kuchambua ramani, au maktaba ya Python inayoitwa OSMnx. Kabla ya kupima urefu wowote geuza data iwe kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, namba EPSG:32737. Michoro ya zamani ya mipangomiji na upimaji iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani wa Afrika Mashariki. Ukiiweka juu ya picha ya setilaiti bila kuigeuza, barabara zitakaa kama mita 300 pembeni na utadhani watu wamejenga juu ya barabara.

Mpaka wa eneo usiwe mpaka wa mkoa. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa takribani asilimia 2.1 kwa mwaka, kutoka asilimia 5.6 za muongo uliotangulia, na wapo wanaosema mji umepunguza kasi. Sehemu kubwa ya kasi hiyo imevuka kwenda Pwani: Vikindu, Kiluvya, Mapinga, Kerege, Kisarawe. Chora mpaka kwa kufuata eneo lililojengwa, kisha ongeza kilomita moja kuzunguka ili njia zinazokatwa na mpaka wako zisihesabiwe kuwa hazitokei. Baada ya kuhesabu, tupa ile kilomita ya ziada.

Kosa la kwanza ni la wakati. Kabla ya 2015 ramani ya wazi ya Dar ilikuwa tupu kwenye mitaa mingi. Mwaka huo ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi, wakaingia kata kwa kata zenye mafuriko wakichora njia, mitaro na nyumba. Ukichukua ramani ya 2012 na ya 2018 ukazilinganisha, utaona mitaa mingi imepata mamia ya vichochoro. Vilikuwepo, vilikuwa havijachorwa. Kwa hiyo usilinganishe ramani mbili za miaka tofauti. Chukua ramani moja, ya leo, kisha kila kipande kipe mwaka wa kuzaliwa kwa kutazama lini pembeni yake palijengwa. Seti ya data ya GHSL inaonyesha maeneo yaliyojengwa kuanzia 1975, picha za setilaiti ya Landsat zenye ukali wa mita 30 zipo tangu miaka ya 1980, na Sentinel-2 ya mita 10 tangu 2015. Barabara kuu ziondoe kwenye hesabu hiyo: barabara ya Bagamoyo au Kilwa ilikuwepo zamani kuliko nyumba zinazoizunguka. Chagua picha za Juni hadi Septemba, mawingu yanapopungua, na kaa macho na Kigamboni na Mbagala ambako mchanga mweupe wa kiangazi husomwa na kompyuta kama bati. Chanika tatizo ni kinyume: nyumba zimejificha chini ya miembe na mikorosho.

La pili ni barabara zenye njia mbili mbili. Barabara ya Morogoro kwenye ramani ni mistari minne inayokwenda sambamba: magari ya kwenda, mabasi ya mwendokasi ya kwenda, mwendokasi ya kurudi, magari ya kurudi. Makutano mamoja yanahesabiwa manne au zaidi, na Kimara inaonekana imeunganika kuliko Kariakoo. Inabidi nukta zilizo karibu ziunganishwe kuwa moja. Lakini umbali wa mita 10 au 12 unaofaa Morogoro unameza vichochoro halali vya Manzese, ambako njia mbili za kweli zinaweza kuwa na nyumba moja tu katikati yao. Tumia kipimo kikubwa barabara kuu, na mita 3 au 4 kwenye makazi.

La tatu ndilo zito. Fanya hesabu mara mbili: mtandao wa magari na mtandao wa miguu. Manzese kwa gari ni matawi yaliyokatika. Kwa miguu ni kati ya maeneo yaliyoungana sana mjini, mtu anakata kutoka Midizini hadi barabarani kwa njia kumi tofauti. Mbweni ni kinyume: gari linazunguka, mwenda kwa miguu anafuata kuta ndefu bila pa kukatia. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kwamba mitaa mipya ya Marekani ilizidi kukatika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ikafika kilele miaka ya katikati ya 1990, kisha ikaanza kuungana tena. Kule njia isiyotokea ilichorwa makusudi na mhandisi ili mtaa uwe kimya, na gari ndiyo kipimo cha kutosha. Hapa imetokana na kukosa makubaliano kati ya jirani wawili, na wengi wanatembea au wanapanda bodaboda. Ukipima magari peke yake utaandika kwamba makazi yasiyopimwa yote ni mabovu na yaliyopimwa yote ni mazuri, na utakuwa umewapa watu wa mipango ushauri wa kujenga Mbweni nyingine.

Kisha nenda ukaone. Kipande kilichochorwa kama njia kinaweza kuwa mfereji, na ukuta wa juzi haumo kwenye picha ya mwaka jana. Anwani za makazi zilizowekwa 2022 zimesaidia sana hapa, kwa kuwa vichochoro vingi vilipata jina na nguzo, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuonyesha njia ipi imezibwa tangu hapo.

Mabonde

Dar haikatwi na kuta peke yake. Msimbazi, Mto Ng'ombe, Kizinga, Mzinga, Mlalakuwa, Tegeta na Mpiji zimeugawa mji kuwa migongo mirefu. Watu hujenga juu ya migongo, njia hufuata mgongo, na hakuna anayevuka. Nyumba mbili zinazoonana kwa macho, mita 300 kati yao, zinaweza kuwa kilomita tatu kwa bajaji. Hiyo ni mara kumi ya umbali wa mstari, wakati mtaa wa kawaida uliounganika hauzidi mara 1.3 au 1.4.

Kabla barabara ya Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi hadi Banana haijawekwa lami, mtu wa Mbezi aliyekwenda uwanja wa ndege kwa gari alizoea kushuka hadi Ubungo, akashika Mandela hadi Tazara, ndipo akaingia Nyerere. Safari ya nje ya mji ilipita katikati ya mji. Barabara hiyo pamoja na ile ya Mbezi, Goba, Wazo hadi Tegeta zimefanya kazi ambayo flaiova peke yake haiwezi. Flaiova ya Tazara ya 2018 na makutano ya Ubungo ya 2021 yamerahisisha kupita kwenye nukta ileile; viungo vya pembezoni vimepunguza sababu ya kwenda kwenye nukta hiyo. Naona mji umetumia nguvu nyingi kwa jambo la kwanza na kidogo kwa la pili.

Kwenye hesabu, tafuta viungo ambavyo kimoja kikiondolewa mtandao unagawanyika vipande viwili. QGIS na Python vyote vinaweza kuvitoa kwa dakika chache. Panga kwa idadi ya nyumba zilizo upande mdogo. Orodha hiyo karibu yote itakuwa kalavati na vivuko vya mabondeni, na ndiyo orodha ambayo halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wangepaswa kuanza nayo wanapogawa fedha. Halafu rudia hesabu ukiwa umeondoa kila kivuko kinachofunikwa na maji mwezi Aprili. Dar ina mitandao miwili, wa kiangazi na wa masika. Jangwani ikifungwa kwa mafuriko, magari yote ya Barabara ya Morogoro yanatafuta barabara ya Kawawa au Ali Hassan Mwinyi, na kazi ya asubuhi inaanza saa nne. Huko Goba au Kwembe kalavati likisombwa hakuna hata pa kutafuta.

Muunganiko pia hupungua palipokwishaungana. Mwendokasi ulipoanza 2016 ulileta usafiri wa maana, lakini katikati ya Morogoro paliwekwa kizuizi, na mitaa mingi iliyokuwa ikikatiza kwa gari sasa inaruhusu kuingia kushoto na kutoka kushoto tu. Kwenye ramani nukta ipo. Kwa dereva haipo. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza Juni 2024, imezungushiwa uzio na haina kivuko cha usawa wa reli hata kimoja, jambo la lazima kwa mwendo ule. Kila mahali palipokuwa pa kukatia kwa miguu pamehamia kwenye daraja au njia ya chini ya reli iliyo karibu. Kupima kiungo kilichofungwa ni rahisi kuliko kilichofunguliwa: weka nyumba za pande mbili, pima umbali wa kutembea kwenda shule na zahanati kabla na baada, na utajua daraja la waenda kwa miguu linatakiwa wapi.

Pale ambapo bado kuna nafasi

Urasimishaji unaoendelea, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, ndio mlango wa mwisho kwa mitaa iliyokwishajengwa. Mara nyingi kampuni ya upimaji huja, huchora viwanja kama vilivyo, huacha njia kama zilivyo, watu hulipia na kusubiri hati. Hati ikitoka, kile kichochoro kimekuwa cha kudumu. Kwa hiyo kabla ya mchoro kusainiwa, kamati ya mtaa iombe jambo moja la ziada: orodha ya ncha zilizotazamana zenye umbali wa chini ya mita 20 kati yao. Kwa mtaa mmoja huwa ni chache. Kila moja ikaguliwe kama inapita kwenye ua, choo, banda au chumba. Zinazopita kwenye ua na mabanda ndizo za kufungulia mazungumzo, na fidia igawanywe kwa wote wanaofaidika, wakiwemo wale wa ndani kabisa ambao bei ya viwanja vyao itapanda kuliko ya yule anayetoa ardhi. Mtaa wa Hananasif, Kinondoni, ulionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba wakazi wakishirikishwa tangu mwanzo hukubali kusogeza kuta kwa ajili ya njia na mitaro.

Kwa anayenunua Chanika, Mvuti, Kibada, Kisarawe II au Mbopo leo, maswali ya kumuuliza muuzaji mbele ya mjumbe ni machache. Njia hii imeandikwa kwenye hati ya mauziano kwa mita, au kwa neno "njia" tu? Inafika mpaka wa nyuma? Jirani wa nyuma akikata shamba lake, njia yake itakutana na hii? Mkiwa na simu, simameni kwenye ncha, chukueni nukta ya GPS, na iandikwe kwenye mkataba pamoja na upana. Bikoni ya njia, yaani jiwe la mpaka, izikwe siku hiyo hiyo kama inavyozikwa ya kiwanja, pande zote mbili za njia, kwa zege, sentimita 60 chini ya ardhi. Kigingi cha mti hung'olewa mvua za kwanza, na mara nyingine huota mita moja ndani ya njia.